Kurasa Kumi na Nne za Bwana Lamsdeni

Mimi ni mtu wa wivu. Nalisema mapema, asije akatokea mtu mbele ya safari akajifanya kaligundua yeye. Marehemu mama alikuwa akiwaambia majirani kwamba siku niliyozaliwa nilimwonea wivu mkunga, kwa kuwa yeye alikuwa ameshavaa nguo.

Mwaka wa hamsini na nne cherehani yangu ilikuwa barazani kwa Kanubhai, Mtaa wa Swahili, Kariakoo. Yeye anauza viungo, dengu na chumvi ndani. Mimi nashona nje. Lakini hayo ya cherehani yalikuwa ya kutafutia ugali. Kazi yangu hasa ilikuwa unahodha wa timu ya Mshale, na jezi namba tisa nilikuwa nimeivaa miaka tisa. Niliishona mwenyewe, kama nilivyozishona zote kumi na moja. Nikipata mpira, Mnazi Mmoja nzima inasimama: "Tisa! Tisa!" Nami nainua mkono mmoja kuwaambia nimewasikia, ndipo naanza kupiga chenga. Pasi sikuwa natoa. Watu hawakutoka Buguruni kwa miguu kuja kutazama pasi.

Tena Ijumaa baada ya sala ya Alasiri ni mimi niliyekuwa nikishika karatasi ya majina na kuyasoma kwenye baraza ya klabu. La kwanza nilikuwa nalisoma langu, nisije nikalisahau.

Basi akaja Mskoti. Jina lake Lamsdeni, mzee wa miaka sitini na mitano, mwekundu kama nyanya, amekuja kuishi kwa bintiye ambaye mumewe alikuwa mhandisi bandarini. Jioni moja alipita Mnazi Mmoja na fimbo yake akasimama kututazama. Jioni ya pili akasimama tena. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Siku ya tatu alitoa filimbi mfukoni akaipiga, na wenzangu, wapumbavu wale, wakasimama.

Kiswahili chake alifundishwa na mpishi wa bintiye. Kilikuwa kibovu, lakini kilifika. "Wewe nacheza peke yako," aliniambia mbele ya watu. "Hawa kumi nafanya nini? Nauza karanga?" Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, kwa nje.

Mwezi haukuisha, Mzee Zahoro, mwenyekiti wetu, akamfanya meneja. Meneja! Neno lenyewe klabu haikuwa nalo. Alikuja na bunda la magazeti ya kwao lililofungwa kwa kamba ya katani, kurasa kumi na nne alizozitunza marehemu mkewe, akatuonyesha picha. Hakuna aliyejua kuyasoma, lakini kila mtu aliitikia kwa kichwa. Bunda likawekwa kwenye kabati la jezi, na ufunguo wa kabati ulikuwa kwangu. Karatasi ya majina ikawa kwake.

Sitasema tulicheza vibaya. Tulishinda mechi sita mfululizo, na hilo ndilo lililoniuma. Tulishinda kwa pasi, mpira unakwenda huku unarudi kule, huoni nani wa kumsifu.

Alianza pia kumpenda Theophil. Huyu alikuwa Mchaga mrefu, mwembamba, wa miaka ishirini na moja, akiuza maharage dukani kwa mjomba wake Tarsis. Alikuwa na adabu mno. Kila asubuhi akipita barazani: "Shikamoo, nahodha." Hebu fikiria. Nina miaka thelathini na mitatu, nywele nyeusi ti, napigwa shikamoo na mtu anayetaka nafasi yangu! Nikiitika marahaba nimekubali uzee. Nisipoitika mimi ndiye sina adabu. Nilikuwa naitika huku nimeng'ata sindano.

Jumatatu ya wiki ya fainali, Lamsdeni alikuja barazani ameshika jezi yangu. Namba tisa. Akaiweka juu ya cherehani.

"Fundi, hii punguza. Theophil mwembamba."

"Theophil wa nini?"

"Jumamosi yeye nacheza tisa. Wewe nakaa na mimi."

Akaondoka, fimbo ikigonga barabara. Nilibaki na jezi mkononi. Kuvuliwa jezi ni jambo moja. Kuambiwa ushone mwenyewe ili imkae vizuri aliyekuvua, hilo nasema ni ukatili, hata kama aliyelisema hakujua.

Jioni nilikwenda kwa Mzee Zahoro.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Najua kilichokuleta, Mwinyimvua. Jezi si kanzu ya babu yako."

"Mzee, huyu mtu tunamjua? Anasema alicheza, anasema aliongoza timu. Mtu mwenye sifa zote hizo anakuja kufundisha watu wanaocheza miguu mitupu? Kwao kafukuzwa huyo. Ana jambo."

Zahoro alichezea tasbihi. Akasema, "Niletee hilo jambo kabla ya Ijumaa. Likiwapo, karatasi ya majina itarudi kwako. Lisipokuwapo, shona jezi ya watu."

Jumatano asubuhi nilifungua kabati, nikachukua lile bunda, nikampelekea Kanubhai, ambaye Kiingereza anakisoma kama sisi tunavyosoma nyuso. "Nikifunga saa saba nitakusomea," akasema, akaliweka mwisho wa meza ya duka. Mara akaitwa Kivukoni, shehena yake ya mchele imefika. Bharti, mkewe, akatoka ndani kushika duka.

Siku zile magazeti ya Kizungu yalikuwa yakinunuliwa kwa ratili kutoka majumbani kwao, na kila duka la Kariakoo lilifungia vitu humo. Wewe uliyezoea duka, ukiliona bunda la magazeti ya zamani mwisho wa meza, utafikiri nini? Bharti aliikata kamba.

Na mimi nilikuwa pale pale! Nimekaa hatua mbili, mgongo nimeelekeza dukani, nashona kanzu ya bwana harusi, nikiwaza nitakavyosimama Ijumaa kusoma majina. Watu wanaingia, wanatoka, wananisalimu, wameshika vifurushi. Nawaitikia. Saa saba Bharti akaniletea bhajia, kama alivyofanya siku zote nikibaki na njaa. Nilikula tatu. Nilipoinua ya nne nikaona, chini yake, mguu wa mtu uliovaa kiatu cha mpira.

Niliondoa bhajia zote. Palikuwa na picha: kijana kasimama wima amevaa jezi, na mtu mzima wa suti kapiga goti mbele yake, anamfunga kamba za viatu. Mafuta yalikuwa yameshaingia mpaka kwenye goti.

"Bharti! Magazeti haya umeyatoa wapi?"

"Mezani, fundi. Kuna nini?"

"Yako wapi mengine?"

Alinitazama, akatazama meza tupu, akaweka mkono mdomoni. "Ai, fundi! Magazeti juu ya meza ya duka, mimi nitajuaje?"

Hakuwa na kosa, na nilitamani sana awe nalo. Ule ukurasa nikaukunja, nikautia mfukoni. Nilikuwa nimeshaona nilichokiona: enzi zake Lamsdeni alikuwa akipigiwa magoti na watu wazima wa suti. Hata kamba za viatu alifungiwa! Mimi niliyekuwa nafunga kidole changu mwenyewe kwa kitambaa nikijikwaa.

Bharti alikuwa na kumbukumbu ya mwenye duka: nani kanunua nini. Nikachukua gunia la vipande vya vitambaa na kuingia mitaani, nyumba kwa nyumba, kubadilisha kitambaa kwa karatasi. Wengi walidhani nimerukwa na akili. Nikipata mbili tatu narudi barazani, na Kanubhai, aliyekuwa amesharudi, ananisomea akiwa amekaa kwenye ngazi.

Ya kwanza niliitoa kwa Severa, muuza maandazi, ilikuwa imefungiwa hiliki. Mwaka elfu moja mia tisa na tisa: Lamsdeni, mchimba makaa ya mawe, katoka shimoni Jumamosi adhuhuri, kanawa uso tu, akaenda uwanjani akafunga mawili. Mimi siku ya mechi cherehani siigusi, nisichoke.

Ya pili ilikuwa kwa Augustino kinyozi, ya chumvi. Lamsdeni nahodha, amebebwa mabegani na kombe mkononi, mji mzima uko barabarani. Kombe lenyewe kubwa, lina masikio.

Kwa Klara nilikuta ameshawashia mkaa nusu ya ukurasa. Nusu iliyobaki ilisema alifunga bao la kwanza na la pili. La tatu lilikuwa limeungua. Nakiri nilifurahi kidogo.

Hivyo hivyo mpaka kukaribia Magharibi. Kila ukurasa una harufu yake, na kila ukurasa mtu yule yule anashangiliwa. Nilikuwa natafuta aibu yake, na sasa natembea kwa miguu yangu Kariakoo nzima kumkusanyia sifa.

Wa mwisho ulikuwa nyumbani kwa Mzee Zahoro mwenyewe, jikoni kwa mkewe, umefungiwa pilipili manga. Kanubhai aliukung'uta, akapiga chafya, akasoma: "Baada ya miaka kumi na mmoja ya kuongoza timu, Bwana Lamsdeni ameondolewa na kamati. Timu imeshuka daraja."

Niliruka. "Kafukuzwa! Si nilisema? Kafukuzwa!"

"Bado sijamaliza, fundi."

"Inatosha hiyo."

Akaendelea kana kwamba sikusema kitu. Siku alipoondolewa mvua ilinyesha, na watu elfu mbili walisimama nje ya lango la uwanja. Hawakupiga kelele. Alipotoka walivua kofia zao wote, wakamfuata kwa miguu mpaka nyumbani kwake.

Nilikaa chini kwenye ngazi. Hata kufukuzwa alifukuzwa vizuri! Mimi nilikuwa nimeambiwa nikae pembeni, na hakuna hata mpita njia aliyevua kofia.

"Kanubhai," nikasema, "twende kwa Zahoro. Msomee ile mistari ya juu tu."

"Mvua nisiisome?"

"Mvua ya nini? Mistari ya juu tu."

Kanubhai alizikunja karatasi moja moja, taratibu. "Fundi, miaka kumi na minane nina mizani. Sijapima nusu nikasema ratili. Ukitaka nikusomee mbele ya mzee, nitasoma zote." Kisha akanyoosha kidole kwenye mfuko wangu. "Na hiyo?"

Niliutoa ule ukurasa wa bhajia. Nilitaka kuuacha, kwa kuwa sikuhitaji kuambiwa mara ya pili jinsi alivyokuwa akipigiwa magoti. Kanubhai aliuinua kwenye mwanga, apate kusoma maandishi ya chini ya picha yaliyoingia mafuta.

"Huyu aliyesimama," akasema, "ni kijana wa miaka kumi na tisa. Siku hiyo ni mechi yake ya kwanza. Huyu wa suti, anayefunga kamba, ndiye Lamsdeni. Ana miaka thelathini na mitatu. Meneja mpya hakumchagua. Imeandikwa alimkabidhi kijana jezi yake mwenyewe, akapiga goti mbele ya watu wote."

Nilimnyang'anya ule ukurasa nikaurudisha mfukoni, na hasira zikanipanda upya. Maana sasa nilijua ningetakiwa kufanya nini. Angalau mtu asiyejua ana raha yake.

Alhamisi jioni nilimrudishia Lamsdeni bunda lake uwanjani. Nilimweleza kila kitu isipokuwa sababu: nilitaka kusomewa, nikasema, likachanganyika na magazeti ya duka. Lamsdeni alizinusa karatasi. Aliinusa ile ya hiliki, akainusa ile ya pilipili, akapiga chafya, halafu akacheka mpaka akashika mbavu. "Mke wangu nakasirika sana. Yeye hapana penda pilipili." Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Kicheko kilinishinda, sikujua nikiweke wapi.

Kisha akahesabu. "Kumi na tatu. Ile ya kamba ya viatu iko wapi?"

"Haikupatikana, bwana."

Alisimama kidogo akitazama chini. "Hiyo mke wangu nasema ndiyo nzuri kuliko yote," akasema. "Mimi hapana penda. Mimi siku ile nalia choo ya uwanja." Akazifunga na kamba mpya, akaenda zake.

Ukurasa ulikuwa kifuani mwangu, ndani ya shati, na ulikuwa umenigandia kwa jasho na mafuta. Ningeweza kuutoa. Sikuutoa. Kwa Mzee Zahoro sikwenda pia, na Ijumaa Lamsdeni akasoma majina kwenye baraza ya klabu: tisa, Theophil. Zahoro alinitazama. Nikatazama paa.

Jezi sikuipunguza. Sikusahau, sikukosa uzi. Ilikaa juu ya cherehani siku tano na kila nikishika mkasi mkono unakataa. Jumamosi nikaipeleka uwanjani vile vile, nimeikunja na zile nyingine kumi.

Mnazi Mmoja ilijaa mpaka kwenye miti. Radi ya Ilala, wapinzani wetu, walikuwa wameshatoka wanapasha miguu. Theophil akavaa jezi yangu, na ikamning'inia kama imeanikwa kwenye mti wa uzio. Mabega yalimfika kwenye viwiko. Namba tisa ilijikunja mgongoni ikawa haijulikani ni tisa au ni nini. Vijana wa Radi wakaanza kumcheka: "Mchaga kavaa gunia la maharage!" Yeye alijitahidi kuichomeka, inatoka, anaichomeka, inatoka.

Sitadanganya kwamba nilimwonea huruma. Nilichokiona ni namba yangu inachekwa. Miaka tisa hakuna aliyeicheka.

"Simama hapo," nikamwambia. Sindano na uzi haviniachi. Viko kwenye kola yangu hata leo.

"Niivue, kaka?"

"Hakuna wakati. Ng'ata huu." Nilimpa kipande cha uzi aweke mdomoni, maana fundi aliyenifundisha alikuwa na mwiko mkubwa: nguo haishonwi mwilini, na ikibidi, anayevaa ang'ate uzi ili tusishone na bahati yake. Kusema kweli nilifikiria kumwacha bila uzi. Nilifikiria, nikampa.

Nilibana mabega, nikashona. Nikateremka ubavuni, kushoto, kulia. Pindo lilikuwa chini na mimi sina kiti, basi nikapiga goti. Nilipiga goti pale, mbele ya Mnazi Mmoja nzima, mbele ya watu waliotoka Buguruni kwa miguu, nikamshona Theophil ndani ya jezi yangu. Kelele zilipungua. Labda zilipungua masikioni mwangu tu. Nilikata uzi kwa meno.

"Ahsante, nahodha," akasema, uzi ungali mdomoni.

"Nenda. Na utoe pasi, ndizo wanazopenda siku hizi."

Nilipoinuka, Lamsdeni alikuwa amesimama nyuma yangu ameegemea fimbo. Uso wake mwekundu ulikuwa umebadilika rangi.

"Nani nakwambia fanya hivyo?" akauliza.

"Hakuna mtu, bwana. Jezi ilikuwa kubwa."

Alinitazama. Pua yake ikacheza kidogo, na mimi nikakumbuka kwamba ukurasa ungali ndani ya shati, nami nanuka bhajia ya siku nne. Akanionyesha benchi, nikakaa upande wake wa kulia.

Mechi yenyewe siwezi kuisimulia vizuri. Niliitazama kwa jicho moja. Najua tulikwenda bila kwa bila mpaka dakika za mwisho. Najua Theophil alipokea mpira katikati, akautoa kwa winga, akakimbia mahali ambapo mimi nisingekimbia kamwe kwa kuwa hapana mpira, na mpira ukamfuata huko huko. Mishono yangu haikufumuka hata mmoja. Akapiga. Wavu ukatikisika, na Mnazi Mmoja nzima ikasimama.

"Tisa! Tisa!"

Na mkono wangu ukainuka. Haukuniuliza. Miaka tisa uliitwa hivyo na uliitika hivyo, ukaenda juu peke yake, nimekaa benchini na shati la kazi. Mamia ya watu, na mimi nawapungia bao la mtu mwingine. Niliuona mkono ule juu ya kichwa changu na nikashindwa kuushusha, kwa sababu kuushusha ndiko kungewafanya wauone.

Lamsdeni hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwa Theophil, alikuwa akishangilia kama wengine. Lakini mkono wake wa kulia ulipanda taratibu, ukashika wangu, ukauteremsha mpaka kwenye benchi kati yetu, ukabaki umeufunika. Alijua mahali pa kuushika bila kutazama.

Ukurasa wake ninao hadi leo, kwenye droo ya cherehani. Alirudi kwao mwaka wa hamsini na saba na sikumpa. Siku ile nilikaa pale benchini, mkono wangu chini ya mkono wa mzee yule, watu wakiimba jina la Theophil, nikafikiri: huyu alipofanyiwa haya hakuwa na mtu wa kumshushia mkono, na bado alijifunza kumshushia mwenzake. Nikamwonea wivu kwa hilo pia.